Nyungunyungu Kumi

Bibi yangu analima mchicha mahali palipokuwa gereji, ambapo oili chafu ilimwagwa kwa miaka. Aliponiuliza kama mboga hiyo inalika, nilianza kusoma historia ya nyungunyungu.

Mwaka 1881 Charles Darwin alichapisha kitabu kizima kuhusu viumbe hawa. Karne moja baadaye, mwaka 1984, OECD ilipitisha kipimo cha sumu: nyungunyungu wanakaa siku 14 kwenye udongo, kisha waliokufa wanahesabiwa. Jibu lilikuwa kifo.

Mwaka 2008 ISO ilitoa kipimo cha haraka zaidi. Sanduku linajazwa udongo safi upande mmoja na unaoshukiwa upande wa pili. Nyungunyungu 10 wanawekwa katikati. Baada ya saa 48, wakisalia chini ya asilimia 20 kwenye unaoshukiwa, udongo huo haufai kuwa makazi yao. Sasa jibu ni kuhama.

Lakini nyungunyungu hali mchicha. Akikimbia, ametuonya, akibaki, hajatuambia kiasi cha risasi kilichomo kwenye majani. Hilo ni la maabara. Nilimweleza bibi hivyo. Tukisubiri majibu, tumepanda mchicha kwenye magunia, kwa udongo wa kwingine.