Nani Alipe Bahari Ikichafuliwa?

Wahenga walinena: mla mbuzi hulipa ng'ombe. Kwa muda mrefu sheria za bahari ziliipindua methali hiyo. Aliyeangamiza ng'ombe aliruhusiwa kulipa kwato tu.

Tarehe 18 Machi 1967, meli ya mafuta Torrey Canyon ilipanda miamba ya Seven Stones, karibu na Cornwall, Uingereza, ikiwa imesheheni tani zipatazo 119,000 za mafuta ghafi kutoka Kuwait. Mafuta yakatapakaa hadi fukwe za Ufaransa, na ndege wa baharini wakafa kwa maelfu. Serikali ya Uingereza ikaamuru meli ipigwe mabomu ili mafuta yaliyosalia yateketee.

Ndipo likazuka swali: nani alipe? Meli ilikuwa mali ya kampuni iliyoandikishwa Bermuda, ikipeperusha bendera ya Liberia, ikiongozwa na nahodha Mwitalia, na imekodiwa na kampuni ya mafuta ya Uingereza. Isitoshe, sheria ya Marekani ya mwaka 1851 ilimruhusu mwenye meli kuwekea deni lake mpaka wa thamani ya kilichosalia baada ya ajali. Nacho kilichosalia kilikuwa mashua moja ya kuokolea watu!

Serikali mbili zilizodhurika hazikukata tamaa. Ziliiandama meli nyingine ya wenyewe wale wale, Lake Palourde. Waingereza wakaizuia Singapore, Wafaransa wakaikamata Rotterdam. Mwaka 1969 wenye meli wakakubali kulipa pauni milioni 3, zikagawanywa baina ya nchi hizo.

Mwaka huo huo, mjini Brussels, ulitungwa mkataba wa kumtwika mwenye meli wajibu wa kulipa hata kosa lake lisipothibitishwa, na kumlazimisha awe na bima. Ila malipo yakawekewa kikomo. Mwaka 1971 ukaongezwa mkataba wa mfuko wa fidia, unaochangiwa na wapokeaji wakubwa wa mafuta yasafirishwayo baharini. Kenya na Tanzania nazo zimejiunga na mfuko huo kwa mkataba wake wa mwaka 1992.

Hata hivyo, haki huchelewa. Tarehe 16 Machi 1978 Amoco Cadiz ilimwaga tani zipatazo 223,000 katika pwani ya Brittany, Ufaransa, kabla mfuko haujaanza kazi. Waliodhurika walikwenda kudai haki yao Chicago. Hukumu ya kwanza ilitolewa mwaka 1984, na rufani ikamalizika mwaka 1992: karibu miaka 14.

Kwa maoni yetu, mwenye meli alipe kwanza, na mwenye biashara ya mafuta amfuatie, kwani faida ya safari ni yao wote wawili. Lakini serikali isingoje hukumu: isafishe pwani na kumkimu mvuvi mara moja, kisha iwadai waliochafua mpaka senti ya mwisho. Kesi yaweza kungoja miaka 14. Tumbo la mvuvi haliwezi.