Mpira, Mawese na Petroli: Tarikhi ya Kitu Kidogo Ndani ya Injini

Zama zile meli ya Graf von Götzen, tuijuayo leo kwa jina la Liemba, ilipotiwa majini Kigoma mwaka 1915, na hata miaka mingi baadaye, meli kubwa za Ziwa Tanganyika zilikwenda kwa mvuke, wala hazikuhitaji mpira wa kupitishia mafuta. Haja hiyo ililetwa na petroli na mazutu, yaani dizeli. Na tangu hapo, kila yalipobadilika mafuta, mpira ndio uliotangulia kupata taabu.

Ajabu ni kwamba utomvu ambao kwa ajili yake raia wa Kongo waliteswa na kukatwa mikono, katika utawala wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji uliokoma mwaka 1908, haukufaa kazi hii. Mpira wa asili na petroli tabia zao ni za udugu, nao ukikaa ndani ya petroli huinywa, ukavimba, ukalegea, hatima yake ukameguka. Dawa ilipatikana katika miaka ya 1930, Wajerumani walipobuni mpira wa naitraili, usiopenyeka kwa wepesi.

Lakini mafuta nayo hayakutulia. Mwaka 1937 G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hataza ya kuyageuza mawese, haya haya tupikiayo sombe, kuwa mafuta ya injini kwa msaada wa alkoholi, na mwaka uliofuata basi likayatumia baina ya Brussels na Louvain. Mafuta ya jinsi hiyo ni mapole kwa injini, makali kwa mpira. Kisha risasi ikaondolewa katika petroli, na kufikia Januari 2006 karibu nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha.

Kadhia iliyo na hila zaidi, nionavyo, ni ya kusinyaa. Marekani ilipolazimisha dizeli yenye salfa kidogo mwezi Oktoba 1993, baadhi ya pampu zilizokuwa salama kwa miaka zikaanza kuvuja: mpira uliokwisha kuvimba, ulipokutana na mafuta mapya, ulitoa uliyoyanywa zamani, ukajikusanya, ukaacha mwanya. Bila shaka wako mafundi waliolaumiwa bure.

Kwa mwenye boti wa Kimanga, pale Uvira, anunuaye petroli kwa kadhafi, yaani mchuuzi wa mafuta wa kando ya njia, leo chupa hii, kesho bidoni ile, si rahisi kujua mpira wake umekunywa nini. Kibaya zaidi ni ule mpira mweupe wa maji, upendwao kwa urahisi wa bei: petroli huufyonza ulaini wake, ukawa wa manjano na mkavu, ukapasuka pale ulipokazwa kwa waya. Fundi aliyebobea huukunja mpira baina ya vidole. Ukiinama na kurudi, huuacha, bali ukionyesha ufa mwembamba au ukinata kidoleni, huutoa wote, kwani kukata ncha hakuyaondoi yaliyokwisha kunyweka ndani.