Mtandaoni na nje ya mtandao

Mtandaoni (pia: onlaini) ni hali ya kifaa, programu au mtu kuunganishwa na mtandao wa kompyuta, hasa intaneti. Kinyume chake ni nje ya mtandao (pia: oflaini), yaani hali ya kutounganishwa.

Katika teknolojia

Kifaa huhesabiwa kuwa mtandaoni kinapoweza kutuma na kupokea data kwa wakati huo. Kuwashwa pekee hakutoshi: printa inayowaka lakini haipokei amri kutoka kompyuta iko nje ya mtandao.

Programu nyingi hufanya kazi katika hali zote mbili. Barua pepe inaweza kuandikwa bila intaneti, ikabaki kwenye kifaa mpaka mawasiliano yarudi. Vilevile programu ya Kiwix humwezesha mwanafunzi kupakua Wikipedia na kuisoma baadaye bila intaneti, ila hataona mabadiliko yaliyofanywa baada ya kupakua.

Katika lugha ya kila siku

Katika mazungumzo ya Dar es Salaam, neno "mtandao" lina maana zaidi ya moja. Huweza kumaanisha intaneti, kampuni ya simu ("unatumia mtandao gani?") au mawimbi ya simu ("huku hakuna mtandao"). Maana hutambuliwa kwa muktadha.

Mtu aliye "hewani" ni yule ambaye simu yake inapatikana. Si lazima awe mtandaoni, kwa sababu anaweza kupigiwa simu hata kama amezima data au bando lake limeisha. Biashara nayo inaweza kuchanganya hali hizi mbili: mteja wa Tegeta huchagua nguo mtandaoni, kisha huletewa na bodaboda na kulipa taslimu mlangoni.

Mifano: LUKU na pesa za simu

Mita ya LUKU (Lipa Umeme Kadri Utumiavyo) ya shirika la TANESCO huonyesha tofauti hii vizuri. Mkazi wa Mbagala au Bunju hununua umeme kwa simu au kwa wakala, akapewa namba yenye tarakimu 20, kisha huiingiza mwenyewe kwenye mita. Mfumo wa mauzo lazima uwe mtandaoni, lakini mita ya kawaida haihitaji kuunganishwa. Huitambua namba hiyo na kuongeza uniti. Hivyo mfumo wa mauzo ukisimama, aliye na uniti huendelea kutumia umeme, na aliyeishiwa hukaa gizani ingawa nyaya zina umeme.

Mita za mfumo huo duniani kote zilihitaji kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Kwa kuwa haziko mtandaoni, haikuwezekana kuziboresha kutoka mbali. Nchini Tanzania wateja waliingiza tarakimu za ziada kwa mkono.

Huduma ya M-Pesa, iliyoanza Tanzania mwaka 2008, hupatikana kwa kupiga *150*00# bila bando la intaneti. Hata hivyo simu lazima iwe na mawimbi na mitambo ya kampuni iwe inafanya kazi. Kwa hiyo "bila intaneti" si sawa na "bila mtandao".

Kukatika kwa intaneti

Sehemu kubwa ya intaneti ya Tanzania hupitia nyaya zilizolazwa chini ya Bahari Hindi na kufika nchi kavu Dar es Salaam. Waya wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya zote mbili zilipata hitilafu baharini upande wa kusini, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo.

Mtandao unaweza pia kuzimwa kwa makusudi. Siku ya Uchaguzi Mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa Tanzania nzima, ikaanza kurejea mwanzoni mwa Novemba. Katika hali kama hiyo, kinachoweza kutumika ni kile kisichotegemea intaneti: redio, fedha taslimu, nyaraka zilizohifadhiwa kwenye kifaa, na simu za kawaida mahali zinapopatikana.