Bangalo la Tientsin, Bogawantalawa, Sri Lanka

Nyumba iliyo mbele yako ilijengwa mwaka 1888, miaka minne baada ya reli kufika mji wa Hatton. Ilikuwa makazi ya meneja wa shamba la chai. Baraza na bustani vilikuwa vya kupumzikia mchana. Mahali pa kuotea moto pamewekwa kwa sababu usiku, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, baridi hupenya hadi mifupani.

Awali milima hii ilikuwa ya kahawa. Ugonjwa wa kutu ulizuka Ceylon, kama Sri Lanka ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1869 na kuiangamiza kahawa hiyo. Mskoti James Taylor alikuwa ameshapanda ekari 19 za chai huko Loolecondera tangu 1867, na wenye mashamba wakamfuata.

Utajiri wa nyumba hii ulitoka mikononi mwa Watamil walioletwa kutoka kusini mwa India. Wanawake walichuma majani mawili na chipukizi lake, kutwa nzima, kapu likining'inia mgongoni kwa kamba iliyopita kichwani. Jioni familia nzima ilirudi kwenye chumba kimoja cha takriban futi 10 kwa 12, katika safu ndefu za vyumba vilivyobanana. Sheria ya mwaka 1948 iliwanyima wengi wao uraia. Waliobaki bila uraia waliupata kwa sheria ya 2003. Habari zao ni sehemu ya nyumba hii sawa na kuta zake.

Tangu 2005 bangalo hupokea wageni wa kulala. Alfajiri wageni huletewa chai kitandani.