Newton hakuiandika: historia ya kanuni ya kani, tungamo na mchapuko

Kanuni ambayo wanafunzi wa sekondari huikariri kwa jina la Isaac Newton, kwamba kani ni sawa na tungamo mara mchapuko, haionekani kwa sura hiyo mahali popote katika kitabu kikuu alichokichapisha London mwaka 1687. Sura inayoikaribia hiyo ya leo iliwasilishwa Berlin mwaka 1750 na mwanahisabati wa Uswisi, Leonhard Euler, baada ya fikra zilizoanzia Ugiriki ya kale na kupitia Misri, Uajemi, Baghdad, Paris na Padua. Kani ni msukumo au mvuto unaotendwa juu ya kitu. Mchapuko ni kadiri ambayo kasi ya kitu au mwelekeo wake hubadilika kwa kila kipindi cha muda. Na tungamo ni wingi wa maada iliyomo katika kitu, unaojulikana kwa jinsi kitu hicho kinavyopinga kubadilishiwa mwendo. Kati ya dhana hizo tatu, ni hii ya mwisho iliyowasumbua wataalamu kwa muda mrefu zaidi.

Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba kila kinachokwenda kina kinachokiendesha, na kwamba kinachoendesha kikiacha kutenda, mwendo nao hukoma. Fundisho hilo halikuwa la kipuuzi, kwa kuwa mkokoteni kwenye barabara ya mchanga husimama mara tu msukumaji anapopumzika, na aliyezoea kuona hivyo kila siku hana sababu ya kudhani kwamba kuna msuguano, yaani ukinzani wa vitu vinavyogusana, unaofanya kazi kwa siri. Matokeo yake ni kwamba kani ilifungamanishwa na kasi yenyewe badala ya kufungamanishwa na badiliko la kasi, na kosa hilo likadumu kwa karne nyingi.

Pingamizi za mwanzo zilitoka Aleksandria katika karne ya 6, pale Yohana Philoponus alipoandika kwamba vitu viwili vyenye uzito unaotofautiana sana, vikiangushwa pamoja kutoka juu, hufika chini kwa tofauti ndogo mno ya muda, na kwamba mshale uliokwisha kuuacha upinde huendelea kwa sababu umetiwa nguvu na mrushaji wala hausukumwi na hewa. Ibn Sina, mwanafalsafa wa Uajemi aliyefariki mwaka 1037, aliiendeleza hoja ya nguvu hiyo inayotiwa ndani ya kitu, na katika karne ya 12 Abu'l-Barakat wa Baghdad akaeleza kwamba kitu kinachoanguka huzidi kwenda kasi kwa kuwa uzito wake huendelea kukiongezea msukumo juu ya msukumo. Jean Buridan wa Paris, katika karne ya 14, alikwenda mbele hatua moja yenye maana kubwa aliposema kwamba msukumo uliomo ndani ya kitu hutegemea kasi yake pamoja na wingi wa maada yake. Vitabu vya shule aghalabu huwaruka wote hawa, vikatoka kwa Aristotle hadi kwa Galileo kana kwamba katikati palikuwa na usingizi, na huko ni kuipunja historia.

Galileo Galilei, aliyekuwa akifundisha Padua hadi mwaka 1610, alileta kipimo mahali palipokuwa na mabishano. Kwa kuwa kitu kinachoanguka wima huenda upesi kuliko uwezo wa vyombo vya wakati huo kukipima, aliupunguza mwendo kwa kutumia ubao mrefu wa karibu mita 7 ulioinuliwa upande mmoja, akauchimba mfereji mwembamba, akaunyoosha na kuubandika ngozi laini, kisha akaviringisha ndani yake gololi ngumu ya shaba nyeusi. Muda aliupima kwa maji: chombo kikubwa kilichotobolewa chini na kutiwa mrija mwembamba kilimwaga maji ndani ya kikombe wakati gololi ikishuka, na maji hayo yakapimwa kwa mizani nyeti, uzito wake ukawa ndio kipimo cha muda. Kwa kurudia jaribio hilo mara nyingi aliona kwamba umbali huongezeka kwa mraba wa muda, maana yake muda ukiwa maradufu umbali huwa mara nne, jambo linaloonyesha kwamba kasi huongezeka kwa kiasi kilekile katika kila kipindi sawa cha muda. Matokeo hayo yalichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638, mwandishi wake akiwa kifungoni nyumbani kwake karibu na Florence. Mchapuko ukawa umepata maelezo ya kihesabu, lakini Galileo hakusema ni nini kinachousababisha.

Mwaka 1644 René Descartes alitangaza kwamba kitu kisichoguswa na kingine hubaki kama kilivyo, ama kimetulia ama kikienda kwa mstari ulionyooka, na kwa tamko hilo swali likageuka: kilichohitaji kuelezwa si tena kwa nini kitu kinakwenda, bali kwa nini mwendo wake unabadilika.

Swali hilo ndilo lililomkuta Newton. Mwezi Agosti 1684 Edmond Halley alimfuata Cambridge kumwuliza sayari ingepita njia ya namna gani ikiwa inavutwa na Jua kwa kani inayopungua kwa mraba wa umbali, na katika kulijibu swali hilo ndipo ulipoanza kuandikwa ule mkusanyo uliokuja kuitwa Principia. Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London iliyotarajiwa kugharimia uchapishaji, ilikuwa imemaliza fedha zake kwa kuchapisha kitabu cha historia ya samaki ambacho hakikupata wanunuzi, hivyo Halley akatoa gharama mfukoni mwake. Baadaye jumuiya hiyo iliposhindwa kumlipa mshahara, ilimpa nakala za kitabu hichohicho cha samaki.

Katika sheria ya pili ya kitabu hicho, Newton anaeleza kwamba badiliko la mwendo huwa sawia na kani iliyotendwa, nalo hufuata mstari wa kani hiyo. Neno mwendo hapo lina maana maalumu, kwa kuwa Newton analitumia kwa zao la wingi wa maada na kasi, na msomaji makini ataona kwamba muda hautajwi, kwa sababu mwandishi aliifikiria kani kwanza kama pigo la ghafla, na kani inayoendelea kama mfululizo wa mapigo madogomadogo. Zaidi ya hayo, hoja zake nyingi zimejengwa kwa michoro ya jometri na ulinganishaji wa uwiano. Anayefungua Principia akitafuta mlinganyo wa herufi tatu atafunga kitabu bila kuupata.

Mchango wake mzito kuliko yote, kwa maoni ya makala hii, ni kuutenga wingi wa maada na uzito, ambao ni kani ya uvutano wa dunia juu ya kitu. Ushahidi mmoja ulikuwa umeletwa na Jean Richer, mwanaastronomia aliyetumwa kutoka Paris kwenda Cayenne, Amerika Kusini, mwaka 1672, ambaye aligundua kwamba saa yake ya timazi ilichelewa karibu dakika mbili na nusu kila siku ikilinganishwa na ilivyokwenda Paris, hata ikambidi aifupishe timazi. Vyuma vya saa vilikuwa vilevile, ila karibu na ikweta vilivutwa kwa kani hafifu kidogo. Newton naye alitengeneza timazi mbili zenye nyuzi za futi 11, akazining'iniza masanduku mawili ya mbao yanayolingana, moja likiwa na mbao ndani na jingine likiwa na kitu kingine cha uzito uleule, akajaribu dhahabu, fedha, risasi, kioo, mchanga, chumvi, maji na ngano. Timazi hizo zilipembea sambamba kwa muda mrefu, na hivyo akathibitisha kwamba mahali pamoja uzito na tungamo huongezeka kwa uwiano mmoja, kwa usahihi aliouweka kwenye sehemu moja ya elfu. Umuhimu wa kutofautisha mambo hayo mawili ulionekana wazi mwaka 1973 katika kituo cha anga cha Skylab, ambako mizani ya kawaida haikufaa kitu, na wanaanga wakapimwa tungamo kwa kuketi katika kiti kilichofungwa springi na kuhesabiwa muda wa kila mtikisiko.

Baada ya Newton, Jakob Hermann wa Basel aliandika katika kitabu cha mwaka 1716 mlinganyo unaohusisha uzito, maada na badiliko dogo la kasi katika muda mdogo. Euler, naye mzaliwa wa Basel, ndiye aliyelikamilisha jambo hilo katika andiko aliloliwasilisha kwenye Akademia ya Berlin mwaka 1750 na kuchapishwa mwaka 1752, ambamo kani imegawanywa katika pande tatu zinazokatana kwa pembe mraba, na kila upande umepewa mlinganyo wake unaounganisha kani, tungamo na mchapuko. Aliiita kanuni mpya, na dai hilo lilikuwa na haki yake, kwa sababu kwa milinganyo hiyo iliwezekana kushughulikia pia miili inayozunguka na vimiminika vinavyotiririka, mambo ambayo jometri ya Newton iliyafikia kwa shida. Kwa vipimo vya leo, gari lenye tungamo la kilo 1,000 likitendwa na kani ya newton 2,000 huongeza kasi kwa mita 2 kwa sekunde katika kila sekunde, na likipakiwa mizigo hadi kufikia kilo 2,000 huongeza mita 1 tu.

Tungamo liliendelea kuleta taabu. Mwaka 1883 Ernst Mach wa Austria alionyesha kwamba Newton alilieleza kwa msongamano, ilhali msongamano wenyewe huelezwa kwa tungamo, na akapendekeza tungamo za miili miwili zilinganishwe kwa michapuko ambayo kila mmoja humpa mwenzake. Hata katika shughuli za vipimo, neno uzito lilitumiwa kwa maana mbili hadi mwaka 1901, Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani ulipotamka kwamba kilogramu ni kipimo cha tungamo na kwamba uzito ni wa jamii ya kani. Mkutano kama huo wa mwaka 1948 ukaiita newton kani inayoipa kilogramu moja mchapuko wa mita moja kwa sekunde katika kila sekunde. Katika mfumo wa kimataifa wa vipimo hakuna hata kipimo kimoja chenye jina la Euler.