Mary Wawili Walioolewa Upande wa Adui



Hadithi ya binti anayempenda adui wa baba yake haizeeki. Katika riwaya za kimapenzi zinazosimulia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, mambo huwa yale yale: askari kijana anaingia na upanga wake, binti wa nyumba anamchukia, kisha moyo unageuka, na ukurasa wa mwisho ni harusi. Tunazisoma na tunazifurahia. Ila riwaya huishia pale pale ndoa inapoanzia. Basi leo tumependa tuwaangalie wanawake wawili wa kweli wa zama zile, wote wakiitwa Mary, walioolewa na wanaume wa upande wa pili wa vita, na tuone yaliyowakuta baada ya fungate.

Vita vyenyewe, kwa ufupi

Vita vilianza Agosti 1642. Mfalme Charles I aliamini kuwa amri ya nchi amepewa na Mungu na hana wa kumuuliza. Bunge likakataa atoze kodi na kuamua mambo ya dini bila ya ridhaa yao. Mfalme akaweka makao yake Oxford, Bunge likashika London, na familia nyingi zikagawika vipande. Mfalme alishindwa, na Januari 1649 akakatwa kichwa. Mwaka 1660 upepo ukageuka tena: mwanawe, Charles II, akarudishwa kwenye kiti. Yaani ndani ya miaka 18 waliokuwa juu walishuka, kisha wakapanda tena.

Kuna na jambo la ndoa tulijue kabla ya kuendelea. Kwetu mahari ni haki ya mke. Kwao fedha ilitoka kwa baba wa bibi harusi ikaenda kwa bwana harusi, na mali ya mke ikawa mikononi mwa mumewe. Ndoa ikiharibika, mahakama za kanisa ziliweza kuwaruhusu wawili watengane, lakini hakuna aliyeruhusiwa kuoa au kuolewa tena maadamu mwenzake yu hai. Mlango wa kuingilia ulikuwa mpana, wa kutokea haukuwepo.

Mary Powell na John Milton

Mary Powell alikuwa na miaka 17, binti wa mwenye mashamba wa kijiji cha Forest Hill, karibu na Oxford. Nyumba yao ilikuwa ya watu wengi, wageni na furaha, na ilikuwa upande wa mfalme. Baba yake, Richard Powell, alikuwa na deni la pauni 300, na riba yake akimlipa John Milton, mshairi wa London mwenye miaka 33 na mtu wa Bunge moja kwa moja. Katika kiangazi cha 1642 Milton alikwenda huko shamba. Baada ya kama mwezi mmoja akarudi London na mke. Baba mkwe, ambaye deni lake bado lilimkaa shingoni, aliahidi kutoa na mahari ya pauni 1,000.

Ndugu wa bibi harusi walimsindikiza London, wakasherehekea siku chache, wakaondoka. Mary akabaki katika nyumba ya kimya, yenye vitabu vingi na wageni wachache. Milton alikuwa akiwasomesha wapwa zake humo ndani, na Mary alikuwa akiwasikia wakilia wanapochapwa. Hata mwezi wa pili haujaenda mbali, akaomba ruhusa kwenda kwao. Walikubaliana angerudi mwisho wa Septemba.

Septemba ilipofika vita vimeshaanza, na Forest Hill imo katika eneo la mfalme. Milton aliandika barua, hazikujibiwa. Akatuma mjumbe, naye akarudishwa kwa dharau. Wakati ule upande wa mfalme ulionekana utashinda, na wakwe walianza kuona mkwe kama huyu ni aibu kwao. Binti wa miaka 17 amekaa katikati, kwao hawamtaki mumewe, na yeye hawezi kuwa wa mtu mwingine.

Milton naye hakuweza kuoa. Mwaka 1643 akachapisha kitabu kilichowashtua hata wa upande wake mwenyewe. Alidai kwamba ndoa ambayo nafsi mbili hazipatani imeshakufa, na watu waachiliwe. Akaongeza vingine vitatu juu ya suala hilo. Wahubiri wakamshambulia. Sisi ambao sheria yetu inajua talaka na khului tunaweza kushangaa kuona jambo hili likiitwa kashfa, lakini huko ndiko walikokuwa.

Juni 1645 jeshi la mfalme lilivunjwa Naseby. Akina Powell wakaona bahati yao inazama, na huku wanasikia Milton anafikiria mke mwingine. Wakapanga mpango na baadhi ya jamaa zake. Siku moja Milton alipokwenda kumtembelea ndugu yake mjini London, mlango wa chumba ukafunguliwa, akatoka Mary, akapiga magoti mbele yake na kuomba radhi. Milton alikataa mwanzo, kisha akalainika.

Hapa ndipo riwaya ingefungwa. Lakini sehemu iliyo nzito zaidi ni inayofuata. Juni 1646 Oxford ilisalimu amri, na akina Powell wakapoteza nyumba na mashamba. Wakaenda wapi? Wakaja London kwa mkwe yule yule waliyemdharau: baba, mama na watoto wao kadhaa. Milton aliwapokea. Mwezi uliofuata Mary alijifungua Anne, mtoto wao wa kwanza, mama yake mzazi akiwa chini ya paa moja naye. Richard Powell alifia katika nyumba hiyo, karibu na mwaka mpya wa 1647, bila ya kuilipa ile ahadi ya pauni 1,000.

Mary alizaa watoto wanne. Mei 1652, siku chache baada ya kujifungua wa mwisho, Deborah, alifariki akiwa na miaka 27. Mumewe wakati huo alikuwa ameshapofuka. Tusimfanye Milton malaika. Alikuwa mkali, na uzeeni hakupatana na binti zake. Mwaka 1674, akitamka wasia wake, aliwaachia ile mahari ya babu yao ambayo hakuwahi kuipokea. Ahadi ya mwaka wa harusi, baada ya miaka 32, ilikuwa bado inauma.

Mary Fairfax na Duke wa Buckingham

Mary wa pili alizaliwa 1638, binti wa Thomas Fairfax, jemadari aliyekuja kuliongoza jeshi la Bunge. Akiwa na miaka karibu mitano alikimbizwa juu ya farasi pamoja na mlezi wake, baba yake akirudi nyuma vitani, mpaka mtoto akazimia njiani na ikadhaniwa hatapona. Alipona. Alikua msomi wa lugha, na mwalimu wake mmoja alikuwa mshairi Andrew Marvell.

George Villiers, Duke wa Buckingham, alilelewa pamoja na watoto wa mfalme. Alipigania upande wao mpaka kushindwa kwao Worcester mwaka 1651, kisha akakimbilia ng'ambo. Ndugu yake aliuawa katika vita hivyo. Mali yake ilichukuliwa, na sehemu yake Bunge likampa Fairfax, baba yake Mary.

Mwaka 1657 Duke alirudi Uingereza kwa siri. Mary alikuwa ameshaposwa na bwana mwingine, na tangazo la ndoa lilishasomwa kanisani mara mbili. Duke alikuwa mzuri wa sura, mchangamfu, na mwenye maneno matamu. Posa ya kwanza ikavunjwa, na Septemba 15, 1657 wakaoana huko Yorkshire. Binti alipata mume aliyempenda. Bwana alipata mke, na kwa njia ya mke akawa karibu tena na mali yake.

Serikali ya Cromwell ilikasirika. Duke alikamatwa mwaka uliofuata akatiwa katika Mnara wa London. Aliyemtoa, Februari 1659, ni baba mkwe, aliyeweka dhamana ya pauni 20,000 kwa ajili ya mtu aliyekuwa adui yake vitani.

Mwaka 1660 mfalme mpya akaingia. Duke akarudishiwa mali na cheo, na Fairfax akabaki mzee mgonjwa asiye na madaraka. Sasa nani alikuwa na haja na nani? Duke akajiingiza na mke wa Earl wa Shrewsbury. Januari 1668 akapigana upanga na mume wa mwanamke huyo, ambaye alikufa kwa majeraha yake. Kisha akamleta yule mwanamke nyumbani kwake. Mary aliposema kwamba wao wawili hawawezi kukaa nyumba moja, habari iliyoenea London ilikuwa kwamba mumewe alimjibu kuwa hata yeye ameliona hilo, na ameshaamuru gari la farasi limpeleke kwa baba yake. Hawakupata mtoto. Duke alifariki 1687, Mary akaishi mpaka 1704.

Swali la kuuliza kabla ya akdi

Tukiziweka ndoa hizi pamoja, ile iliyoanza kwa mapenzi ndiyo iliyomdhalilisha mke, na ile iliyoanza kwa deni, ukimya na kukimbiana ndiyo iliyofika kwenye kusameheana. Bendera ya mume haikuamua kitu. Kilichoonyesha tabia ya kila mmoja ni namna alivyowatendea watu wa mkewe walipokuwa hawana tena nguvu. Milton, pamoja na ukali wake, alifungua mlango. Buckingham, aliyetolewa gerezani kwa dhamana ya mkwewe, aliita gari.

Dada yetu unayesubiri siku yako, mposaji akija utaulizwa kabila lake, kazi yake, na kwao ni wapi. Maswali hayo yana nafasi yake. Lakini mtazame pia anavyozungumza na masikini, na anavyomtaja mtu aliyeanguka. Muulize na wali wako amuulize: siku kwetu kutakapokuwa hakuna kitu, wazee wangu watakuwa nani kwako? Na kila kinachoahidiwa kuhusu fedha, kiandikwe na kishuhudiwe, kisije kikarithiwa na wajukuu kama uchungu.

Mwenyezi Mungu awajaalie waume wenye huruma, na sisi atujaalie kuwa na huruma kwao na kwa watu wao. Amin.