Historia Yetu Imekaa Palipokuwa na Maikrofoni

Kila Agosti runinga zetu hutuletea tena ile makala ya mapinduzi ya 1982. Mnaijua. Wanajeshi juu ya malori, vioo vya maduka vimetapakaa barabarani, watu wamenyoosha mikono juu. Halafu anaingia Mzee Leonard Mambo Mbotela, na sauti yake ile, akisimulia venye wanajeshi walimfuata nyumbani kwake Ngara alfajiri ya Jumapili, tarehe 1 Agosti, wakampeleka Sauti ya Kenya na kumlazimisha asome tangazo kwamba serikali ya Moi imepinduliwa. Siku hiyohiyo wanajeshi watiifu kwa serikali waliikomboa stesheni, na yeye huyohuyo akarudi hewani kutangaza kwamba Moi bado ni rais.

Nimeitazama hiyo story mara nyingi sana na bado haijanichosha. Mtu mmoja, maikrofoni moja, serikali inaanguka na kusimama tena kabla jua halijatua. Mbotela ndiye alikuwa na kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" tangu 1966, kwa hivyo nchi nzima ilimjua. Ochuka na wenzake wa Jeshi la Wanahewa walijua wanachofanya. Hawakumtaka mtu yeyote tu wa kusoma. Walitaka ile sauti ambayo mama yako na jirani yake wamezoea kuiamini wakiwa jikoni.

Mzee alituacha Februari 2025. Wiki hiyo kila stesheni ilirudia mahojiano yake, na nikaanza kujiuliza kitu ambacho hakijanitoka kichwani tangu hapo. Kwa nini tunayajua mapinduzi ya 1982 vizuri hivi, hadi mtaa ambao mtangazaji aliamshwa, na kuna mambo makubwa zaidi ya miaka ileile ambayo hatujui hata jina?

Jibu langu ni rahisi, na mnaweza kunipinga. Tunakumbuka palipokuwa na maikrofoni. Mapinduzi ya 1982 yalifanyika redioni. Waliokuwa wakipindua waliteka stesheni, waliowashinda wakaiteka tena, na aliyekuwa katikati alikuwa mtangazaji hodari ambaye aliishi miaka mingine zaidi ya 40 akiisimulia vizuri. Mtengeneza makala anataka nini kingine?

Ndiyo maana hata hiyo 1982 yenyewe tumepewa nusu. Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Harry Thuku Road, barabara moja na stesheni. Wanafunzi walikamatwa, chuo kikafungwa. Titus Adungosi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi, alifungwa miaka 10 na akafa akiwa mfungwa mwaka 1988. Mimi niliacha chuo kwa hiari yangu, so jina kama hilo linanigusa kivyake. Jeshi la Wanahewa lote lilivunjwa. Ochuka, aliyekimbilia Tanzania kwa ndege, alirudishwa na kunyongwa 1987. Na kuna familia za Wahindi ambazo maduka yao yaliporwa siku hiyo na mambo mabaya zaidi yakafanyika manyumbani mwao. Hawa huwa wanapewa sekunde ngapi kwenye makala ya dakika 40? Sekunde za kupita tu, halafu tunarudishwa studio.

Sasa songa mbele miezi 18.

Ijumaa, tarehe 10 Februari 1984, Wajir. Wanajeshi na polisi wanazunguka vijiji na kuwakusanya wanaume wa jamii ya Degodia, ati ni operesheni ya kukusanya silaha baada ya vita vya koo. Wanapelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, kilomita chache kutoka mjini. Wanavuliwa nguo. Wanalazwa kifudifudi kwenye jua la Wajir, siku baada ya siku, bila maji wala chakula. Kuna waliopigwa hadi kufa, waliochomwa, na waliopigwa risasi walipojaribu kukimbia. Maiti na watu waliokuwa bado na pumzi walibebwa kwa malori wakaenda kutupwa porini.

Serikali ilisema waliokufa ni 57. Walionusurika wanasema wanaweza kufika 5,000. Hebu angalia hizo nambari mbili tena. Tofauti kama hiyo haiji juu mtu alikosea hesabu. Inakuja kwa sababu aliyekuwa na mamlaka ya kuhesabu hakutaka kuhesabu.

Na redio? Kumbuka wakati huo stesheni ilikuwa moja tu, ya serikali, na KTN haikuwa imezaliwa mpaka 1990. Eneo lote la Kaskazini Mashariki lilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari tangu miaka ya 60, na ziliondolewa 1991 tu. Hakuna mwandishi angejiendea tu huko na kamera. Kwa hivyo hakukuwa na Mbotela wa Wagalla. Aliyefanya kazi ya ushahidi alikuwa Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akitibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir. Alienda porini na watu wake kuokota majeruhi na maiti, na habari zikavuja hadi kwa mabalozi. Baadaye ilibidi aondoke Kenya. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Nansen kwa kazi yake na wakimbizi, na mwaka huohuo akauawa Borama, kaskazini mwa Somalia.

Mimi Wagalla sikuisoma darasani. Nilifanya Historia hadi kidato cha nne na najua miaka ya utawala wa kina Bismarck, lakini hilo jina niliona mara ya kwanza kwenye filamu ya Judy Kibinge, *Scarred: The Anatomy of a Massacre*, iliyotoka 2015. Miaka 31 baada ya tukio.

Nataka kukaa hapa kidogo, juu hii filamu ndiyo imenifanya nifikirie kazi yangu tofauti. Kibinge alikuwa na shida ambayo makala za 1982 hazina. Hakuna kamera ya runinga iliyokuwa Wagalla. Hakuna tangazo la redio la kuchezea mtazamaji. Amebaki na watu. Wazee wanakaa mbele ya kamera na kuongea, na wewe unalazimika kuwatazama nyuso. Kuna wakati mtu anaacha kuongea na unaona anatafuta neno, na unajua si juu amesahau.

Makala zetu nyingi huogopa hapo. Mtu akinyamaza sekunde tatu, tunaweka piano ya huzuni, tunaweka droni inapaa juu ya jangwa, tunamwita mwigizaji avae magwanda ya kijeshi akimbie kwenye vumbi. Halafu sauti nzito inatuambia vile tunafaa kuhisi. Mimi pia niko kwenye hii biashara, najua kwa nini tunafanya hivyo: mtu akichoka anapita, na simu yake imejaa vitu vingine. Lakini mwigizaji akishavaa magwanda, mtazamaji hajui tena ni nini kilishuhudiwa na ni nini kilitungwa jana Machakos. Kwa jambo ambalo serikali ilikana kwa miaka mingi, hiyo ni zawadi kwa anayekana.

Kuna mtu ataniambia si tulikuwa na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Ni kweli. Ilisikiza mashahidi Wajir 2011, na ripoti ikakabidhiwa rais Mei 2013. Lakini mwenyekiti wake mwenyewe, Bethuel Kiplagat, alikuwa mkubwa katika Wizara ya Mambo ya Nje 1984, na alishutumiwa kwa sababu alikuwa kwenye ujumbe wa kamati ya usalama uliofika Wajir siku mbili kabla ya operesheni. Alikana kuhusika, akakaa kando kwa muda, kisha akarudi. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za zamani na akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10. Ripoti yenyewe bado imelala bungeni. Ni juzuu nzito kadhaa. Sijui kama kuna mtu wa rika langu ataketi kuzisoma zote, lakini filamu ya saa moja na kitu ataitazama kwenye matatu akielekea kazini. Ndiyo maana nabishana na wale wanaosema makala za runinga ni historia ya wavivu. Kwa Wagalla, kwa wengi wetu, ndio mlango pekee uliofunguka.

Na msidhani haya ni mambo ya kale. Aprili 2025 BBC Africa Eye walitoa *Blood Parliament*, kuhusu waliouawa kwa risasi nje ya bunge tarehe 25 Juni 2024. Walichambua picha zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa za simu zetu na za waandishi, wakatafuta ni askari gani alifyatua. Onyesho la hadharani Nairobi likafutwa. Siku chache baadaye watengeneza filamu wanne walikamatwa, na BBC ikasema hawakuhusika hata kidogo na filamu hiyo. 1984 ilitosha kufunga barabara ya Wajir. Siku hizi kamera ziko kwa kila mfuko, kwa hivyo wanafuata walioshika kamera.

Ila picha 5,000 za Nairobi hazinipi usingizi wote, kwa sababu bado ni Nairobi. Maikrofoni bado ziko palepale zilipokuwa 1982, kilomita chache kutoka Harry Thuku Road. Kijana wa Wajir aliyekuwa na miaka 25 kwenye uwanja ule wa ndege sasa amepita 65. Kila mwaka Februari wanakumbuka kwao, na kila mwaka sisi huku tunangoja Agosti.

Kuna watu ambao sijawahi kuwasikia kwenye makala yoyote na ningependa sana kuwasikia. Dereva wa lori. Fundi wa mitambo aliyekuwa zamu Sauti ya Kenya wiki ile ya Februari 1984, na kama kuna karatasi ilifika mezani ikawekwa kando. Kijana wa kikosi aliyetoka, tuseme, Nyeri ama Kakamega, akapewa amri, na leo ni babu ya mtu anayesoma hapa.

Kama una mzee nyumbani aliyekuwa Wajir wakati huo, upande wowote ule, na yuko tayari kuongea, kwa Kiswahili ama Kisomali, niandikie. Nitakuja na kinasa sauti tu. Akitaka jina lake lisitajwe, halitatajwa, na akinyamaza katikati, nitaacha hivyohivyo.